Kwa Nini Miche Inakufa Katika Timbo Lililoachwa?

SWALI: Kikundi chetu kina timbo la mawe ya matumbawe lililoachwa huko Kilifi. Miembe na miarobaini tuliyoipanda imekauka yote, nasi tunatamani pawe hifadhi ya wanyama kama Haller Park ya Bamburi, Mombasa, ambayo nayo ilikuwa timbo. Tuanzie wapi?

JIBU: Wanyama waacheni mwisho. Sakafu ya timbo lenu ni chokaa tupu isiyo na mboji, tena maji yaliyo chini yake pengine yana chumvi. Pimeni kwanza kina na chumvi ya maji hayo kabla ya kununua mche mwingine. Bamburi walikabiliwa na hali hiyohiyo mwaka 1971, wakati René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda cha saruji, alipojaribu aina 26 za miti, na zilizohimili zikawa tatu tu, mvinje (casuarina) ukiwa mmojawapo.

Mvinje ndio uliobeba kazi kubwa, kwa kuwa huvumilia chumvi na mizizi yake huhifadhi bakteria waitwao Frankia, ambao hunasa nitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Kwa kuwa huenda bakteria hao hawapo katika mwamba uliochimbwa, chukueni udongo kidogo chini ya mivinje iliyokomaa mkauchanganye na ule wa kitaluni, la sivyo miche itadumaa.

Kikwazo kilichofuata Bamburi ndicho watu wengi hukisahau. Majani ya mvinje yana tanini nyingi, kemikali chungu inayochelewesha kuoza, hivyo yalirundikana bila kuoza, na ardhi ikabaki bila rutuba licha ya msitu kusimama. Ufumbuzi ulikuwa majongoo wakubwa wenye miguu myekundu, ambao hula majani hayo na kuacha kinyesi kinachogeuka mboji. Msiwalete mapema, maana bila kivuli na majani ya kutosha watakufa kwa jua.

Mboji ikishapatikana, pandeni miti ya asili ya pwani katikati ya mivinje, huku mkiivuna mivinje hatua kwa hatua na kuiuza kama nguzo za ujenzi, jambo ambalo kwa maoni yangu litawasaidia kuliko kungojea ufadhili. Bamburi ilifungulia wageni njia zake mwaka 1984, miaka 13 baada ya kuanza kupanda. Chimbeni bwawa na ndege watakuja wenyewe. Kwa wanyama wakubwa mtahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya.