Sauti kwa kamera za duka, Ngamiani, Tanga

Dada, umesema DVR yako (kisanduku kinachorekodi picha za kamera) ya kamera nne inarekodi picha tu, na unataka kusikia mabishano ya chenji pale kaunta bila kununua mfumo mpya. Inawezekana, na kwa bei ndogo.

Geuza DVR uangalie nyuma. Ukiona tundu la RCA (la duara, kama yale ya nyuma ya TV) lililoandikwa AUDIO IN, nunua maikrofoni ya CCTV, yaani ya kamera za ulinzi, yenye amplifaya ndani, ya volti 12. Kapsuli tupu, yaani maikrofoni isiyo na amplifaya, usiinunue: tundu lile linahitaji sauti iliyokwisha kukuzwa, bila hivyo utasikia mnong'ono tu. Kwa kawaida waya mwekundu ni moto (chanya), mweusi ni negativu, mweupe au wa njano ni sauti, ila soma lebo kwanza.

Kinachoharibu kazi ni umeme. Ukichangia adapta moja na kamera, mara nyingi utapata mvumo usiokwisha. Ipe maikrofoni adapta yake. Tumia waya wenye wavu wa kinga, usiulaze sambamba na nyaya za umeme wa nyumba. Ifunge mita mbili hivi kutoka kaunta, mbali na panga boi. Hewa ya chumvi ya Tanga hula plagi, kwa hiyo viungo vifungwe vizuri.

Kisha washa sauti kwenye mipangilio ya chaneli ya kamera ya kaunta. Kwa G.711, namna mojawapo ya kuhifadhi sauti, inakula kama MB 29 kwa saa, diski haitalemewa.

Na bandika tangazo mlangoni kwamba sauti inarekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wateja na wafanyakazi wako pia.