Tuzo ya Dubai ni ya wauguzi tu

Mmeandika kwamba Mkenya aliyeshinda tuzo kule Dubai ni wa Mombasa, na kwamba zawadi yake ilikuwa ya shilingi. La, huyo si wa Mombasa. Ni Anna Qabale Duba, muuguzi kutoka Marsabit, na tuzo yenyewe ni ile ya kimataifa ya wauguzi iitwayo Aster Guardians, ya mwaka 2022. Zawadi ilikuwa dola 250,000, sio shilingi kama mlivyoandika. Alitambuliwa kwa kujenga shule kijijini kwao na kupigania wasichana dhidi ya ukeketaji na ndoa za mapema.

Na wale mnaotaka kumpendekeza mhudumu wa afya ya jamii wa Likoni, Mombasa, kwa tuzo hiyo, hapo hamtafika. Tuzo ile huangalia wauguzi waliosajiliwa, na hawa wetu wanaozunguka na kipimo cha presha, mashine ya sukari na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto si wauguzi kwa cheti. Ila si kwamba watu wa kazi yao hawajawahi kutuzwa. Mwaka huohuo wa 2022, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) aliwapa tuzo ya viongozi wa afya duniani wahudumu wa afya ya jamii wa India waitwao ASHA, wote kwa jumla, zaidi ya milioni moja, na wote ni wanawake.

Kwa hapa kwetu Kenya, sheria ya afya ya msingi ya 2023 ndiyo iliyowatambua rasmi wahudumu wa afya ya jamii. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Mimi naona hiyo ifike kwa wakati kwanza, vikombe baadaye.