Mwalimu wangu si Muislamu: nimshukuru vipi?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu ni mazuri, alhamdulillah. Mwalimu wangu wa Kemia, ambaye ni Mkristo, alinisaidia mno. Baba alipofariki nikiwa kidato cha tatu, alikuja msibani, akajitanda mtandio, akakaa mkekani na mama mpaka jeneza likatoka. Baada ya hapo akawa anabaki nami maabara vipindi vikiisha. Siku ya mtihani wa vitendo alininunulia chai na chapati, maana alijua nyumbani hatukupika. Nataka kumpelekea doti ya kanga. Ami yangu anasema hakuna haja: amefanya kazi anayolipwa mshahara, tena asiye Muislamu haombewi dua. Mdogo wangu bado anafundishwa naye. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Allah amrehemu baba yako.

Nianze na hilo la mshahara, kwa sababu nalisikia mara nyingi na linaniuma. Mshahara ni wa vipindi. Ile chapati haikuwa kwenye mkataba wake, wala kukaa mkekani na mama yako. Hiyo ni ihsani, na Allah anauliza katika Suratur Rahman, aya ya 60, kama ihsani ina malipo mengine isipokuwa ihsani. Mtume (s.a.w.) naye amesema, katika Hadithi ya Abu Hurayra waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Amesema watu, hakusema Waislamu peke yao.

Na mwenyewe alilitenda. Aliporudi kutoka Twaif, amefukuzwa na kupigwa mawe, aliyempa ulinzi akaingia Makka ni Mut'im bin Adiy, naye alikuwa mshirikina na alikufa hivyo. Baada ya vita vya Badri, mateka wa Kikureshi wakiwa mikononi mwake, Mtume alisema lau Mut'im angekuwa hai akawaombea hao, angewaachia huru kwa ajili yake. Imo katika Bukhari. Tafakari ukubwa wa jambo hilo: mtu ameshafariki, na wema wake bado unatajwa.

Kuhusu zawadi, inajuzu. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina inaturuhusu kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini, na Sayyidna Umar alimpelekea nguo ndugu yake mshirikina aliyekuwa Makka. Ila hapo kwa mdogo wako tuwe waangalifu. Mtume alimkemea vikali mkusanya zaka aliyerudi akisema, "Hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi." Zawadi kwa mwenye kazi mkononi huweza kugeuka rushwa bila mtu kukusudia. Wewe umeshamaliza, kwa hiyo kanga yako ni halali. Ipeleke kwa jina lako, mbele ya watu, na isiwe karibu na mitihani ya mdogo wako.

Kuhusu dua, ami yako amechanganya mambo mawili. Kilichokatazwa, katika Suratut Tawba aya ya 113, ni kumtakia maghfira mshirikina aliyekwisha kufa katika hali hiyo. Mwalimu wako yuko hai. Mwombee afya, riziki, watoto wema, na juu ya yote uongofu. Mtume ametuamrisha kumlipa aliyetutendea wema, na tukikosa cha kumlipa tumwombee.

Jambo moja naliongeza, nawe hukuliuliza. Mwandikie mkuu wa shule barua, utaje alichokufanyia mwalimu huyo, hata chapati uitaje. Wazazi wengi hufika ofisini pale kulalamika tu. Na ukienda kumwona, nenda na mama yako. Naye ana lake la kumwambia tangu siku ile ya msiba.

Wallahu a'lam.