Nyasi bahari zimepungua, au tumepima vibaya?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na wenzangu tuna kikundi cha kujitolea kinachofuatilia afya ya nyasi bahari. Mwaka jana tulikadiria zimefunika asilimia 60 ya eneo letu. Mwaka huu tumepata 35. Wengine wanasema nyasi zinakufa, wengine wanasema tumekosea kupima. Tumwamini nani?
— Msomaji wa kikundi cha kujitolea

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza niambie: mlipima mwezi gani, na mlisimama palepale? Nyasi bahari si mwani. Ni mimea yenye mizizi, maua na mbegu, na mingi ina msimu wake wa kunawiri na wa kupukutisha majani. Kama asilimia 60 ni ya msimu wa kunawiri na 35 ni ya msimu wa kupukutisha, hapo hamna cha kulinganisha. Rudieni mwezi uleule, tena wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, mwone vizuri.

Halafu acheni kukadiria eneo zima kwa jicho. Seagrass-Watch, mpango ulioanza Australia mwaka 1998 na kuenea nchi nyingi, hutumia njia ambayo kikundi chochote kinaweza kuimudu: kamba tatu za mita 50 zinalazwa sambamba, mita 25 kati ya moja na nyingine, na kila baada ya mita 5 mnaweka fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50. Jumla ni fremu 33. Mnakadiria kilichomo ndani ya fremu tu, mkilinganisha na picha za mfano. Pigeni picha kutoka juu kabla hamjagusa chochote, na watu wawili wakadirie kila mmoja peke yake bila kusikilizana. Wakitofautiana sana, ubishi wenu umeanzia hapo.

Lakini mimi asilimia peke yake hainitoshi, na isiwatoshe ninyi. Inameni. Shikeni chipukizi moja, mtandaze majani yake kiganjani. Jani la nje ndilo kongwe, na ncha yake kuwa ya kahawia ni uzee tu. Tazameni la katikati, changa. Lipitisheni kati ya vidole: likiwa na utando mzito wa kahawia unaobanduka kwa utelezi, kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yana rutuba kupita kiasi, ya mbolea au maji taka, na mwani mdogo unaoota juu ya jani unalinyima mwanga. Mkikuta majani yamekatwa lakini shina linalotambaa chini ya mchanga ni gumu na zima, huenda kasa wamepita kula. Hao ni wenyeji, waacheni. Shina likiwa laini na jeusi, hapo nina wasiwasi pamoja nanyi.

Ugonjwa nao upo, ila msiukimbilie. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ugonjwa wa kunyauka, unaojitokeza kwa madoa meusi jani zima, uliangamiza sehemu kubwa ya nyasi aina ya Zostera marina katika Atlantiki ya Kaskazini. Mara nyingi zaidi kinachoua ni giza. Nyasi bahari kwa wastani zinahitaji takriban asilimia 10 ya mwanga unaofika juu ya maji, na aina nyingine zinahitaji zaidi. Maji yakichafuka, zinazoishi upande wa kilindini ndizo zinazotangulia kufa, wakati zile za karibu na ufuo bado zinapendeza macho.

Ndiyo maana, kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu la ziada, pigeni vigingi kwenye ukingo wa mwisho wa nyasi upande wa kilindini. Ukingo ukirudi nyuma ya vigingi, msingoje asilimia iwathibitishie; tafuteni tope au maji taka yanatoka wapi. Inafaa kuhangaika, kwani nyasi hurudi: katika ghuba la Tampa, Marekani, zilirejea kwa wingi baada ya naitrojeni, ile rutuba ya mbolea na maji taka, inayoingia majini kupunguzwa.

Hiyo 35 msiitangaze bado. Iandikeni pamoja na tarehe, saa, hali ya maji na majina ya waliokadiria, kisha mrudi mwezi uleule wa kipimo cha kwanza mkiwa na kamba na fremu.