Presha ya binti wa miaka 23 haisikii dawa, shida ni figo?

SWALI: Musawo (daktari) habari. Mdogo wangu ana miaka 23, tunakaa Malaba upande wa Uganda. Presha yake inafika 190 kwa 120, saa hii anameza dawa aina tatu na bado. Kichwa kinamuuma, miguu inalegea, usiku anaamka kukojoa kila mara. Ultrasaundi imeonyesha kauvimbe kwenye figo ya kushoto, nyumbani wameanza kulia ati ni kansa. Ni kweli?

JIBU: Nzuri dada. Hicho kilio wakiweke kando kwanza, manake ultrasaundi peke yake haiwezi kusema ni kansa ama si kansa. Mimi kilichonishtua ni hio miguu na mkojo wa usiku, potasiamu, yale madini ya kwenye damu, ikishuka mtu huwa hivyo hivyo, je walimpima? Kama iko chini, kuna uvimbe mmoja adimu sana unaitwa reninoma, umejulikana tangu 1967, hupenda vijana. Karibu kila mara si kansa ila ni msumbufu ajabu: unamwaga renini, kemikali ya figo, kwenye damu, renini inapandisha homoni inaitwa aldosteroni, basi mwili unang'ang'ania chumvi huku potasiamu inatoka na mkojo, presha inapaa. Mara nyingi haufiki hata sentimita 3, ultrasaundi nyingi zinaupita tu.

Mwende hospitali ya rufaa, Mulago kule Kampala kwa mfano, aulizie kipimo cha renini na aldosteroni pamoja, alafu sitiskeni ya figo, ile wanadunga dawa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri. Hio skeni iangalie pia kama mshipa unaopeleka damu kwenye figo umebana, kwa wasichana hilo ndo linatokea zaidi kuliko reninoma na dalili zinafanana kabisa. Na beba pakiti zote za dawa! Dawa za presha kama losartani, kaptoprili, atenololi, zote zinavuruga kipimo cha renini, lakini asiache hata moja mwenyewe, dokta ndo ataamua ipi isimame. Kama anawaza mimba aseme mapema, losartani na kaptoprili zinadhuru mtoto tumboni.

Wakiona ni reninoma wanaukata, mara nyingi figo inabaki, uvimbe unaenda maabara na huko ndo jina lake linathibitishwa. Wengi presha inashuka baada ya opareshi, wachache wanabaki na kidonge.

Kabla ya hapo, akianza kuona giza, mdomo ukipinda ama mkono ukifa ganzi, msingoje siku ya kliniki, mpelekeni emajensi saa hio hio.