Barua kwa mwanangu aliye Nansio: hofu ya saa nane usiku

Mwanangu,

Mwangaluka. Nimeona bora nikujibu kwa barua, maana kwenye simu ungenikatisha. Unasema unazinduka saa nane usiku bila kuota chochote, moyo unakwenda mbio, kifua kimebana, jasho linakutoka, na unaamini kabisa kwamba unakufa. Umeniuliza uende hospitali, uombewe, au umfuate yule mganga anayesifiwa na mwenye nyumba wako.

Naanza na mganga, kwa sababu ndiye anayeninyima raha. Kuombewa, ombewa, sala ikikutuliza, isali. Lakini mganga atakuuliza unamshuku nani, na hata kama hukumshuku mtu, utatoka pale ukiwa na jina. Umezaliwa Usukumani, unajua majina hayo humwangukia nani: bibi anayeishi peke yake, macho mekundu. Wekundu ule ni wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, alichopikia miaka yote kwa kuwa kuni hakuna. Mwanza, Shinyanga, Geita, vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu mtu fulani alifiwa na mtoto, au alikosa usingizi? Sitaki hofu yako iwe msiba wa nyumba nyingine. Hapo sina mjadala na wewe.

Sasa jambo lenyewe. Nimekesha wodini miaka mingi na nimewaona wengi wakiketi ghafla kitandani kama wewe. Mwili una namna yake ya kujiandaa kukimbia hatari: moyo huharakisha, pumzi hufupika, misuli hukaza. Wakati mwingine hujiandaa hivyo umelala, na hatari haipo. Unazinduka mbio zimeshaanza, unatafuta sababu, na gizani sababu inayokuja upesi ni kifo au uchawi. Hilo si jinamizi. Jinamizi ni pale macho yamefunguka na huwezi kusogeza hata kidole, kwa kuwa akili imeamka na misuli bado imelegea kama inavyolegea wakati wa kuota. Humpata zaidi aliyelala chali na aliyepungukiwa na usingizi.

Hofu yako hupanda kwa dakika kama kumi hivi, kisha hushuka yenyewe. Usipigane nayo, wala usiikimbie kwa kutoka nje. Keti, miguu iguse sakafu. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe taratibu hadi sita. Ukihema haraka haraka utapata ganzi vidoleni na kizunguzungu, kisha utadhani ndiyo mauti yenyewe. Jiambie: hii naijua, inapita. Simu iache. Najua huiachi, ujumbe wako uliingia saa nane na nusu! Na usiku huo usiamue lolote, si kuhama nyumba, si kumpigia mwenye nyumba. Usingizi ukigoma, ondoka kitandani, kaa kwenye kiti na taa hafifu, usahihishe madaftari ya Darasa la Nne. Sijaona dawa ya usingizi inayoyashinda.

Lakini kazi kubwa iko mchana. Hivyo vinywaji vya kuongeza nguvu unavyokunywa jioni, acha. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu tu, kwa hiyo cha saa moja jioni bado unacho usiku wa manane. Bia nayo hulaza haraka, kisha huvuruga nusu ya pili ya usiku. Na usikwepe kulala kwa kuogopa kushtuka, maana uchovu huongeza kushtuka. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili.

Hospitali nenda, mwanangu. Anza hapo hapo Nansio. Wapime presha, mapigo ya moyo, damu na tezi ya shingo. Uwaambie kama unakoroma au pumzi hukatika usingizini (muulize uliyewahi kulala naye chumba kimoja, mwenyewe huwezi kujua), na dawa zozote unazotumia, maana zipo zinazoleta ndoto mbaya na mishtuko. Kifua kikikubana ukipanda kilima, au ukizimia, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo. Wakikuta vyote viko sawa na hofu haiishi, omba rufaa uje hospitali ya Bugando huku Mwanza, kitengo cha magonjwa ya akili. Wenzako watacheka jina la kitengo, waache wacheke. Hofu ya namna hii hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na wengine huongezewa dawa. Ukiandikiwa vidonge vya usingizi, uliza utavimeza kwa muda gani; vingine mtu huvizoea akashindwa kuviacha.

Kuanzia leo andika kwenye karatasi kila ukishtuka: tarehe, saa, ulikunywa nini jioni, ilichukua muda gani kupoa. Daktari atakuwa na dakika chache na wewe, na foleni ndefu nyuma yako.

Mama yako,
Kirumba