Mall wameirudisha 3D ya duka langu mara mbili, nifanyeje?

Swali: Habari ya kazi mtaalamu. Nimepata fremu kwenye mall moja hapa Dar, nafungua duka la vipodozi. Dizaina kanitengenezea 3D, yaani picha ya kompyuta ya mbele ya duka, kali kweli, kila anayeiona anaisifia. Menejimenti wameirudisha mara ya kwanza wakasema bango limezidi, tukapunguza. Mara ya pili wanasema hawaoni sekisheni, aina ya kioo haijulikani, alukobondi haikubaliki na mlango unavuka mstari. Dizaina anasema wananibania tu, wana watu wao. Fundi anasema tujenge usiku, wakija asubuhi wakute tayari. Muda niliopewa wa kujenga bila kulipa kodi ya pango unaisha mwezi ujao. Nisaidie.

Jibu: Dada, 3D yako sijaiona lakini naijua. Ina kioo kimoja kikubwa ukuta hadi ukuta, juu kuna ukanda mweusi unaong'aa, bango linawaka kwa nyuma, na kuna mdada wa kizungu anapita mbele kabeba mifuko ya shopping. Picha za hivi nazipokea kila wakati, maana mimi ni msanifu majengo na sehemu ya kazi yangu ni kupitia michoro ya wapangaji wa mall kabla hawajaanza kujenga, kwahiyo jua kabisa naongea nikiwa upande wa hao wanaokubania.

Hakuna mtu anabishana na uzuri wa duka lako. Hili ndo linanichosha kuliko yote, watu wanadhani tunakaa pale kuamua kama pinki inapendeza. Rangi tunaigusa ndio, kuna mall zina mwongozo wa wapangaji unaosema hadi taa za bango ziwe nyeupe ya aina gani, ila mambo hayo yanaisha kwa emaili moja. Kinachorudisha kazi ni kwamba picha haijibu maswali. Kuleta 3D peke yake ni sawa na kumpelekea daktari picha ya pasipoti akupime presha.

Chukua kioo tu. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, yaani cha milimita 12 ni kilo 30 kwa mita moja ya mraba. Dizaina akikuchorea kipande kimoja cha mita 5 kwa 3 bila jointi hata moja, hizo ni kilo 450. Kinapita mlango gani? Kinasimama juu ya nini, na juu kinashikwa na nini, jipsamu? Alafu lazima kiwe tempa, yaani kilichopikwa kwenye tanuru ili kiwe kigumu, na kioo cha tempa kikishapikwa hakikatwi wala hakitobolewi tena, tundu la bawaba na la kufuli vyote vinatobolewa kabla hakijaingia kwenye tanuru. Fundi akikosea kipimo kwa sentimita moja hakuna kuchonga pale saiti, unanunua kingine. Ndo maana tunataka vipimo vilivyochukuliwa kwenye fremu yenyewe baada ya kukabidhiwa, sio vya kwenye brosha, na nikimuuliza dizaina umeenda saiti naambiwa "mteja alinitumia picha WhatsApp". Aisee.

Sekisheni wanayokuomba ni mchoro wa hiyo sehemu ya mbele ikiwa imekatwa wima, kutoka sakafuni hadi chini ya slabu ya juu. Ule ukanda wa juu unaobeba bango kwenye 3D unaelea hewani. Saiti hauelei, unaning'inia, na unatakiwa uning'inie kwenye slabu au boriti kwa fremu ya chuma na bolti, sio kwenye vile vichaneli vya dari ya jipsamu ambavyo vimetengenezwa kubeba jipsamu basi. Nyuma ya huo ukanda kuna shata, lile geti la bati la kufungia duka, likiwa limekunjwa, kuna nyaya, kuna zile pawasaplai za LED za bango ambazo zinapata joto, zinataka hewa na zinataka mlango mdogo ambao fundi umeme ataingiza mkono siku zikiungua, na zitaungua. Na kuna sprinkla za mall, vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea. Ukishusha bodi mbele ya kichwa cha sprinkla, siku ya moto maji yanapiga bodi na bidhaa zinaendelea kuungua nyuma yake. Hata shelfu zako za ndani zinaingia humo humo: NFPA 13, kanuni ya Marekani inayofuatwa na wahandisi wengi duniani, inataka inchi 18, kama sentimita 46, zibaki wazi chini ya kichwa cha sprinkla. Wewe utataka kupanga maboksi hadi darini, najua.

Mlango ni jambo dogo. Nje ya mstari wa fremu yako ni korido ambayo watu wote wa ile ghorofa wataikimbilia kukitokea tatizo. Mlango kufungukia nje sio kosa, mara nyingi ndo unavyotakiwa, ila unaurudisha ndani kidogo ili ukifunguka wote usitokeze. Unapoteza nafasi ya shelfu moja, basi.

Sasa alukobondi, zile shiti za kuvalisha kuta. Hapa wapangaji wanakasirika sana, kwasababu wanaiona kila mahali mjini, benki zimevaa, sheli zimevaa, kwanini mimi nikataliwe. Shiti zote zinafanana kwa nje. Ni bati mbili nyembamba za aluminiamu na katikati kuna kiini, na kiini ndo kila kitu. Kikiwa ni plastiki ya polyethilini, moto ukikifikia kinayeyuka, kinadondoka kikiwa kinawaka na kinaupeleka moto juu. London, tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower liliungua, moto ulianzia kwenye friji ya nyumba moja ghorofa ya 4, ukatoka nje ukakuta shiti za kiini hicho ukapanda jengo zima, wakafa watu 72. Wapitiaji wote wa michoro duniani tulibadilika baada ya pale, na sioni aibu kuwa mkali kwenye hili.

Zipo zenye kiini kilichochanganywa madini ya kuzuia moto, bei ni kubwa zaidi na ni nzito zaidi. Ukitaka hizo, leta karatasi ya kiwanda na ripoti ya kipimo cha moto cha shiti hiyo hiyo unayonunua, sio ya binamu yake. Na muuzaji asikuwashie kiberiti kwenye uso wa shiti eti "unaona mama, haishiki moto". Aluminiamu haitashika moto wa kiberiti hata siku moja! Wanaofanya ule mchezo wanajua wanachofanya, au hawajui kabisa, na sijui kipi ni kibaya zaidi. Wewe unauza pafyumu, rangi za kucha na asetoni, duka lako ni la mwisho kuvalishwa plastiki mlangoni. Tumia shiti ya aluminiamu tupu iliyopigwa rangi ya poda, au simenti bodi ikapigwa rangi vizuri, mteja wa lipstiki hataona tofauti.

Fundi wako wa usiku. Kwanza mall ina walinzi usiku, vifaa vinaingia kwa pasi, kwahiyo huo ujanja unafika getini tu. Ukifanikiwa kuingia, wanasimamisha kazi, wanakata dipoziti yako ya ujenzi kulipia kubomoa, na umeme hauwashwi. Aliyekushauri atakuwa ameshalipwa na yupo saiti nyingine Mbezi anamshauri mwenzio hivyo hivyo.

Na kwakuwa umeniambia muda unabana, kuna mtu atakuja kukuuzia muhuri, hii nataka wasome na wengine. Yaani anachukua ile ile 3D, anaiwekea mistari ya vipimo vya kubuni, anagonga muhuri wa msanifu ambaye hata hajui duka lipo mtaa gani. Sisi tunaziona hizi kazi kwa mbali, sekisheni inaonesha dari ya mita 4 wakati ghorofa ile haina sehemu yenye mita 4. AQRB, bodi inayosajili wasanifu majengo nchini, ina orodha ya waliosajiliwa, tafuta jina la mwenye muhuri humo, alafu mpigie mwenyewe umuulize kama amefika kwenye fremu yako. Swali hilo moja linawakimbiza wengi. Bei ya huo muhuri ni ndogo kwasababu hamna kazi iliyofanyika, na siku bango likimdondokea mteja utatafutwa wewe mwenye duka, mgonga muhuri namba yake haipatikani.

Kwa mwezi wako uliobaki: omba menejimenti wakupe mwongozo wa wapangaji na michoro ya jengo ya eneo lako, hiyo wanayo na wengi hawaombi. Omba kukaa na huyo mpitiaji nusu saa, nenda na mtu anayejua kuchora, sio anayejua kupamba picha. 3D yako usiitupe, itabaki kama ukurasa wa kwanza. Nyuma yake ziende plani (mchoro wa duka likitazamwa kutoka juu), elevesheni (likitazamwa kwa mbele), sekisheni, aina ya kioo na unene wake, bango na umeme wake, na jina la kila materiali. Ukishawasilisha hivyo ndo uandike barua ya kuomba waongeze siku za kutolipa kodi, ukitaja tarehe uliyowasilisha. Barua ikija kabla ya michoro haina nguvu, kila mpangaji anaandika hiyo. Kioo usiagize mpaka uone michoro imegongwa kibali, hata kama fundi wa aluminiamu anakusumbua kwa simu kila asubuhi. Na hela iliyobaki ya dizaina, mshikie mpaka sekisheni itoke, atakwambia haikuwepo kwenye makubaliano, mwambie basi atafute mtu wa kuichora kwa gharama zake.